Habari za Shabana, Timu ya Mpira ya Kisii

Siku moja nilipokuwa nikifundisha historia katika kidato cha pili, huku kwetu Gesima, niliwataka wanafunzi wanitajie watu mashuhuri wanaokumbukwa katika masimulizi ya Wagusii. Mikono mingi iliinuliwa. Mmoja alimtaja Mogusii mwenyewe, ambaye kwa jina lake sisi twaitwa Abagusii. Mwingine alimtaja Otenyo, yule aliyemchoma mkuki ofisa wa Kiingereza mwaka 1908. Kisha kijana mmoja aliyeketi nyuma, mtu wa maneno machache, akasema, “Na Shabana, mwalimu.”

Darasa zima liliangua kicheko, lakini mimi niliona usoni mwake ya kuwa hakuwa akifanya mzaha. Tangu utoto wake alikuwa amewasikia wazee wakisema “Shabana yetu,” “Shabana imetuaibisha,” “Shabana imetutoa kifua mbele,” naye akadhani ya kuwa Shabana alikuwa shujaa wa kale aliyeongoza vita na kuacha ukoo. Nilimwambia ya kuwa Shabana ni timu ya mpira. Akajibu kwamba hilo alilijua. Alichotaka kujua ni kwamba huyo mtu ambaye timu ilipewa jina lake alikuwa nani.

Sikumcheka, maana nilipokuwa na umri wake nami sikujua. Jibu lenyewe ni fupi: jina hilo lilitoka dukani. Walakini jibu fupi halitoshi, kwa sababu linaleta swali la pili lililo gumu zaidi. Imekuwaje watu wa milima hii, wenye koo zao na majina yao ya heshima, wakalichukua jina la duka la misumari na saruji, wakalibeba kwa miaka zaidi ya arobaini, na wengine wao kulilia machozi?

Yatupasa kuanza mbali kidogo.

Mchezo wa mpira wa miguu, kwa namna tunavyoujua leo, ulipewa sheria zake mjini London mwaka 1863. Siku hizo huku kwetu vijana walikuwa wakichunga ng'ombe, na jioni ilikuwa ni zamu ya obokano, kile chombo chetu cha nyuzi nane. Serikali ya Kiingereza ilipoitia nchi hii mkononi kwa bunduki, mwaka 1905 na tena mwaka 1908, ilijenga boma lake mahali palipokuja kuwa mji wa Kisii. Wamisionari wakafuata. Wakatoliki walifika Nyabururu mwaka 1911, na muda si mrefu baadaye Wasabato wakajenga Nyanchwa. Shule ya Serikali ya Kisii ilifunguliwa mwaka 1934. Katika Kenya nzima misheni na shule ndizo zilizoutawanya mpira. Wakuu wa shule waliupenda kwa sababu zao wenyewe: waliamini ya kuwa kijana aliyechoka uwanjani hana nguvu za kufanya fitina bwenini. Vijana nao waliupenda kwa sababu zao, ambazo sidhani zilifanana na zile za wakuu wao.

Nchi yetu, lakini, si nchi ya viwanja. Anayetoka Keroka kuja Gesima ataona jinsi ardhi inavyopanda na kushuka kama shuka lililokunjwa vibaya, na kila kipande kimelimwa: hapa migomba, hapa mahindi, hapa majani chai. Watu ni wengi na mashamba ni madogo. Mahali palipo tambarare ni haba, na palipopatikana pamejengwa soko, kanisa au shule. Kwa hiyo uwanja wa mpira katika Gusii aghalabu ni uwanja wa shule, na aghalabu una mteremko. Katika uwanja niliochezea utotoni, nahodha aliyeshinda kura ya sarafu hakuchagua upande usio na jua, kama vitabu vifundishavyo. Alichagua kushambulia kuelekea chini. Mpira ukivuka mstari wa upande wa bondeni ulikwenda zake katika majani chai, na mchezo ulisimama hata mtoto mmoja aurudishe. Tulikuwa tukicheza kwa mpira wa majani ya migomba yaliyokauka, tukaufunga kwa kamba za mgomba huo huo. Baadaye mifuko ya nailoni ilipoenea tukaijaza hiyo. Naliandika jambo hili si kwa kujisifu umaskini, bali ili msomaji ajue timu ya Kisii ilichota wachezaji wake wapi. Mtu aliyejifunza kuutuliza mpira wa mgomba katika mteremko, ukimpa mpira wa ngozi mahali pa tambarare huona kama umempunguzia mzigo.

Sasa tuitazame Kenya yote. Mwaka 1926 Kenya na Uganda zilianza kushindania kombe lililotolewa na William Gossage, na Gossage huyo alikuwa jina la watengenezaji wa sabuni. Kombe hilo lilichezewa kwa miaka arobaini, Tanganyika na Unguja nazo zikiingia, na vizazi viwili vya Waafrika wa Mashariki walisema “Gossage” kwa shauku kubwa bila kufikiri sabuni hata kidogo. Nalitaja mapema ili mtu asidhani ya kuwa Kisii ndiyo ya kwanza kushangilia jina la mfanyabiashara.

Ligi ya taifa ya Kenya ilianza mwaka 1963, mwaka ule ule wa uhuru, na bingwa wa kwanza alikuwa Nakuru All Stars. Ukiyasoma majina ya timu za miaka ile utaona yamegawanyika. Ziko zilizobeba jina la mji au jina la kuazima. Ziko zilizobeba jina la kabila: Luo Union, waliokuwa mabingwa mwaka 1964, na Abaluhya, waliotwaa ubingwa mwaka 1966. Ziko zilizobeba jina la kampuni au kiwanda, kama vile Kenya Breweries. Timu za makabila zilikuwa na watu wengi kupita zote, maana mtu aliyehamia Nairobi kutafuta kazi alikuta pale uwanjani lugha ya mama yake. Timu za viwanda zilikuwa na watu wachache zaidi, ila zilikuwa na kitu ambacho nyingine hazikuwa nacho, yaani ajira. Siku zile mchezaji hakuishi kwa mpira. Aliishi kwa kazi ya karani, ya udereva au ya ghala, na mpira aliucheza baada ya kazi. Wachezaji wa namna hiyo Kiswahili huwaita wachezaji wa ridhaa, na neno hilo lafaa kutazamwa vizuri: ni watu wanaocheza kwa kuwa wameridhia, si kwa kuwa wamekodiwa.

Mwaka 1980 Serikali ya Rais Moi iliamuru vyama vya makabila vivunjwe, na timu za mpira nazo ziliguswa na amri hiyo. Luo Union ikageuka Re-Union. Abaluhya ikawa AFC Leopards, na herufi zile tatu, ambazo zamani zilikuwa kifupi cha jina la Abaluhya, zikatafutiwa maana mpya. Jambo kama hilo lilikwisha kutokea upande wa pili wa mpaka: mjini Dar es Salaam timu ya Sunderland ilibadilishwa jina mwaka 1971 ikawa Simba, maana haikuonekana vema taifa huru lishangilie mji wa Uingereza. Twaona basi ya kuwa katika miaka ile jina la timu halikuwa jambo dogo. Serikali zenyewe zililitazama kwa macho mawili.

Mwaka huo huo wa 1980, Shabana ilianzishwa mjini Kisii.

Mwanzilishi wake alikuwa mfanyabiashara aitwaye Dogo Khan, mwenye duka la vifaa vya ujenzi lililoitwa Shabana. Hapo ndipo jina lilipotoka. Mtu akiwaza kwa juujuu atasema: tajiri alitaka duka lake litangazwe, akawavika vijana jezi. Huenda biashara ilikuwamo, sikatai. Mwenye duka asiyetaka duka lake lijulikane bado sijamwona. Lakini tukumbuke miaka yenyewe. Mwaka 1967 Kenya ilipitisha sheria ya leseni za biashara iliyowazuia wasio raia kufanya biashara katika miji mingi midogo, na Wahindi wengi walifunga maduka wakaondoka. Mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza watu wa asili ya Asia kutoka Uganda, akawapa siku tisini. Katika miji mingi ya nchi zetu watu walinunua sukari na mabati kwa Mhindi bila kumpenda, naye akawauzia bila kuwapenda, kila mmoja akikaa upande wake wa meza ya duka. Basi miaka minane baada ya mambo ya Uganda, mamia kisha maelfu ya Wagusii wakajaa uwanjani kupiga kelele kwa jina lililoandikwa juu ya mlango wa duka la mtu mwenye jina la Khan. Jambo hilo halikuamriwa na Serikali wala halikuhubiriwa na mtu yeyote. Mimi naliona kuwa ni moja ya mambo ya ajabu katika historia ya mji wetu, nami husikitika ya kuwa katika vitabu vya shule halipati hata mstari mmoja.

Tena jina hilo lilikuwa na faida ambayo pengine hakuna aliyeipanga. Jina la duka halikuwa la ukoo wowote. Timu ingaliitwa Nyaribari, watu wa Kitutu wangalikunja uso. Ingaliitwa Kitutu, wa Bobasi na wa Machoge wangaliuliza kama wao si watu. Wanaojua siasa za milima hii hawahitaji kuelezwa zaidi. Shabana haikuwa babu wa mtu yeyote, ndiyo maana watu wote waliweza kuiita yao. Na haikumzuia mtu wa nje pia. Mike Okoth Origi, Mjaluo, aliichezea Shabana alipokuwa kijana. Mwaka 1992 alikwenda Ubelgiji kuchezea Oostende, na mwaka 1999 akawa bingwa wa nchi hiyo pamoja na Genk. Ndugu yake, Austin Oduor, ndiye aliyekuwa nahodha wa Gor Mahia iliyotwaa Kombe la Washindi la Afrika mwaka 1987. Mwanawe Okoth, Divock Origi, alizaliwa Oostende mwaka 1995, na tarehe 1 Juni 2019 aliifungia Liverpool bao la pili katika fainali ya Ulaya huko Madrid. Jioni ile hapa Gesima wazee wawili watatu, ambao Liverpool si kitu kwao, walisema kwa utulivu kabisa ya kuwa bao lile limetoka Kisii. Sikuwapinga.

Wagusii wenyewe walitoa wachezaji waliotetemesha walinzi wa Nairobi. Henry Motego na Henry Nyandoro walivaa jezi ya Shabana, nao wakavaa pia jezi ya taifa. Habari za miaka ile nimezipata kwa walioziona. Wanasimulia jinsi watu walivyotoka vijijini alfajiri, wengine kwa miguu hata Keroka, kisha wakajipakia katika magari mpaka Kisii, mwendo wa kilomita zaidi ya 20. Aliyekosa nauli alibaki nyumbani na redio, na redio moja ilikuwa ikisikilizwa na kijiji. Ilikuwako shida nyingine isiyojulikana sana na watu wa mbali: wengi katika Gusii ni Wasabato, na Jumamosi kwao ni siku ya ibada. Mchezo ukipangwa Jumamosi, nyumba iligawanyika. Nimewasikia watu wazima wakikiri, sasa kwa kicheko, ya kuwa waliketi kanisani miili yao ikiwa hapo na masikio yao yakiwa dirishani.

Hapo pia ndipo lilipopata nguvu lile neno la mashabiki, “Tore Bobe.” Kwa Ekegusii maana yake, neno kwa neno, ni “tuko vibaya.” Mgeni akilisikia hudhani ya kuwa watu wanalalamika. La, wanajigamba, ni kama kusema: jihadhari nasi, sisi si watu wa kuchezewa. Lakini uzuri wa neno hilo ni kwamba linafaa pande zote mbili. Timu ikishinda, tore bobe, twatisha. Ikishindwa, tore bobe, hali ni mbaya kweli. Mashabiki wa Shabana wamelitumia kwa maana ya pili mara nyingi kuliko walivyopenda.

Kwa maana siku za furaha hazikudumu. Mwaka 2006 Shabana ilishushwa kutoka Ligi Kuu. Nilikuwa mwanafunzi wa sekondari. Hatukuwa na ruhusa ya redio bwenini, lakini habari mbaya haihitaji redio, ililetwa na kijana wa kutwa aliyefika asubuhi, akasimama mlangoni mwa darasa, akasema neno moja tu, “Tumeshuka.” Nakumbuka ya kuwa hakusema “Shabana imeshuka.” Mwalimu wa zamu, mtu mkali asiyependa mpira, alituamuru tuendelee na masomo. Aliporudi chumbani mwake tuliona kwamba hakuwa akisoma kitu, alikuwa amekaa tu.

Mwaka huo ulikuwa mbaya kwa mpira wa Kenya yote. Viongozi waligombana hata FIFA ikaifungia nchi mwezi wa Oktoba. Na kwa watu wa Kisii palikuwa na uchungu mwingine wa pekee. Bingwa wa Ligi Kuu mwaka ule ule wa 2006 alikuwa Sony Sugar, timu ya kiwanda cha sukari cha Awendo, jirani zetu wa upande wa kusini magharibi. Yaani sisi tulishuka chini na jirani akapanda juu kabisa. Watu wengi, nami nilikuwa mmoja wao, walitoa hukumu iliyoonekana kuwa ya akili: timu bora ni ile yenye kiwanda nyuma yake. Kiwanda kina fedha, kina kazi za kuwapa wachezaji, kina mabasi. Sisi tulikuwa na jina la duka tu, na jina halinunui njumu.

Historia, hata hivyo, ni mwalimu asiyeharakisha majibu. Timu ya kiwanda ni kama mzabibu uliopanda juu ya mti: mti ukisimama, mzabibu hustawi, mti ukianguka, nao huanguka pamoja. Rivatex ya Eldoret, timu ya kiwanda cha nguo, ilikuwa na sifa kubwa katika miaka ya 1990. Kiwanda kilipodhoofika timu nayo ikapotea. Na Sony Sugar yenyewe, mabingwa wa 2006, viwanda vya sukari vilipoingia katika shida, ilianza kukosa hata fedha za safari. Mwezi wa Novemba 2019 iliondolewa katika Ligi Kuu kwa sababu ilishindwa kufika uwanjani mara tatu. Haikushushwa kwa kufungwa mabao. Ilikosa kutokea tu. Ni haki niseme ya kuwa si kila timu ya kampuni imekufa. Kenya Breweries, iliyobadili jina ikawa Tusker, imedumu na kutwaa makombe mengi. Lakini bia haijawahi kupata njaa kama ile ya sukari.

Na Shabana, wakati huo wote, ilikuwa wapi? Ilikuwa chini, katika madaraja ambayo magazeti huyaandika kwa herufi ndogo, na iliendelea kucheza. Miaka 17 ni mingi. Mtoto aliyezaliwa siku timu iliposhuka alikaribia kumaliza sekondari kabla haijapanda tena. Katika madaraja hayo hakuna fedha za televisheni, na mapato ya mlangoni, mvua ikinyesha, hayatoshi kumlipa refa. Timu huishi kwa michango: huyu atoe mafuta ya gari, yule atoe chakula cha mchana, mwingine alipe chumba cha mchezaji aliyetoka mbali. Mchezaji huambiwa “tutakuona mwisho wa mwezi,” na mwisho wa mwezi huja na kupita. Nilipokuwa chuo cha ualimu nilifundishwa kuamua michezo ya shule, nikapewa filimbi, na tangu hapo nimekaa kando ya viwanja vingi vidogo. Nimewaona vijana hawa wa ridhaa, wamefanya kazi ya mjengo asubuhi na wamekuja kucheza jioni kwa njumu walizoazimana, kipindi cha kwanza azivae huyu, cha pili azivae yule. Hawachezi vizuri kila siku. Mara nyingine hucheza vibaya sana, na watu huwatukana. Lakini hufika.

Sitaki kuwapamba mashabiki wetu kuliko wanavyostahili. Katika miaka hiyo wengi waliihama timu kimoyomoyo, wakajifanya watu wa Arsenal na Manchester United, maana ni rahisi kumpenda anayeshinda katika runinga. Wapo viongozi walioigombea Shabana kama warithi wanavyogombea shamba, na kila uchaguzi wa siasa ulileta watu waliovaa jezi yake kwa mwezi mmoja. Wapo pia mashabiki waliorusha mawe, jambo ambalo limetuletea aibu zaidi ya mara moja. Hayo yote ni sehemu ya historia, na mwanafunzi anayeandika habari za timu yake asiyafiche.

Jambo jingine lilibadilika bila kelele. Tangu mwaka 2013, kufuatana na katiba mpya, Kisii na Nyamira ni kaunti mbili, kila moja na gavana wake na hazina yake. Gesima iko Nyamira. Uwanja wa Gusii uko Kisii. Kwa sheria, basi, sisi wa huku tungaliweza kusema ya kuwa Shabana ni ya jirani. Sijamsikia mtu mmoja akisema hivyo. Mpaka uliochorwa kati ya kaunti mbili hauonekani siku ya mchezo. Barabara ya Keroka hujaa kama zamani.

Uwanja wa Gusii ulitengenezwa upya, na tarehe 20 Oktoba 2020 Siku ya Mashujaa ya taifa iliadhimishwa hapo. Watu walikuja kuitazama Serikali, lakini macho ya wengi yalikuwa yakiitazama nyasi. Misimu mitatu baadaye, mwaka 2023, Shabana iliongoza ligi ya daraja la pili, ikarudi katika Ligi Kuu.

Siku timu ilipopanda nilikuwa Kisii. Sina ufundi wa kueleza kelele zile. Nitaeleza kitu kimoja tu nilichokiona. Karibu na stendi ya magari palikuwa na mzee, amevaa koti zito la mvua ingawa jua liliwaka, na mkononi ameshika kijiredio kilichofungwa kwa mpira wa baiskeli kisifunguke. Vijana waliokuwa wakicheza ngoma barabarani walimzunguka, nao hawakuwa wamezaliwa Shabana ilipokuwa katika enzi yake. Akawauliza, “Mnamjua Motego?” Mmoja akasema hamjui. Mzee akaweka redio chini, akaanza kuwaonyesha kwa miguu yake mwenyewe jinsi Motego alivyokuwa akimpita mlinzi, na wale vijana wakaacha ngoma wakamtazama.

Niliporudi shuleni nilimwita yule kijana wa nyuma, ambaye sasa alikuwa kidato cha nne. Nilimkumbusha swali lake, nikamweleza habari za duka kwa ukamilifu. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza: ikiwa lilikuwa jina la duka tu, mbona babu yake alilia mwaka 2006? Nikamwambia kwamba hilo si swali la mwalimu, ni swali la babu, na kwamba mwanahistoria huenda kwa shahidi. Nikampa daftari.

Aliporudi Jumatatu alikuwa amejaza kurasa tatu. Babu yake alitaja wachezaji kumi na mmoja kwa nafasi zao, na hali ya hewa ya siku mbili mbalimbali, na nauli ya Keroka kwenda Kisii ya miaka ile. Mwishoni kijana alikuwa amemwuliza kama aliwahi kununua kitu katika duka la Shabana. Mzee alijibu kwamba hakuwahi kuingia humo hata siku moja. Mabati ya nyumba yake aliyanunua Keroka.